Mpasuaji azoeshe mikono kwenye sanduku kabla ya tumbo la mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie upasuaji wa matundu madogo, ule ambao daktari hutoa mfuko wa nyongo au kidole tumbo bila kulifungua tumbo lote. Kila hospitali inapopokea mitambo ya kazi hiyo, wasomaji huelezwa bei yake, huonyeshwa picha za skrini na kamera, na kuahidiwa kwamba mgonjwa atarudi nyumbani mapema. Ahadi ni ya kweli. Lakini mtambo haupasui mtu. Anayepasua ni daktari ambaye mikono yake ilizoea kisu na mkasi mfupi, na mahali pa kuizoesha kazi mpya huwa hapatajwi. Bajeti ikisomwa, mtambo umo, gesi imo, semina ya siku tatu imo. Sanduku la mazoezi, yaani boksi ambamo daktari huzoesha mikono kutumia vifaa hivyo akitazama skrini, halimo.

Ugumu wa kazi hii uko hivi. Vifaa ni vyuma vyembamba vyenye urefu wa sm 33 hadi 36, vinavyopenya matundu ya mm 5 hadi 12 kwenye tumbo lililojazwa gesi ya kaboni dioksidi kwa shinikizo la mm 12 hadi 15 za zebaki. Ukuta wa tumbo unakuwa egemeo: mkono ukienda kulia, ncha ya chuma huenda kushoto, mkono ukishuka, ncha hupanda. Skrini ni bapa, kwa hiyo jicho halipimi kina, na mwanagenzi hufumba koleo hewani akidhani ameshika nyama. Vidole navyo haviigusi nyama, hivyo habari ya kwamba unavuta kupita kiasi hukufikia kwa kuchelewa, pengine baada ya kuchanika. Haya hayaingii mkononi kwa kumtazama bingwa akifanya, hata ukimtazama mwaka mzima.

Walioanzisha njia hii walilijua hilo mapema. Kurt Semm, daktari wa wanawake wa Kiel, Ujerumani, aliyetoa kidole tumbo kwa njia hii mwaka 1980, alikuwa pia na sanduku lake la kufundishia. Mjerumani mwenzake, Erich Mühe, alitoa mfuko wa nyongo mwaka 1985. Kisha mambo yakaenda mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapasuaji wa Ulaya na Marekani waliikimbilia njia hiyo, wengine baada ya kozi ya siku mbili, na majeraha ya mfereji mkuu wa nyongo yakazidi yale ya enzi ya kupasua tumbo wazi. Mgonjwa aliyekatwa mfereji huo huhitaji upasuaji mwingine mkubwa, na pengine huishi na maradhi ya ini. Sisi tunaianza safari hii wenzetu wakiwa wamekwisha kuumia njiani, na hakuna sababu ya kuumia palepale.

Ushahidi kwamba mazoezi ya nje ya mwili huokoa ndani ya mwili upo. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya jaribio la madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji. Waliotangulia kufanya mazoezi ya kompyuta waliutenganisha mfuko wa nyongo na ini kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 29. Wasiofanya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuutoboa mfuko huo au kuunguza nyama isiyohusika. Mashine za kompyuta za namna ile huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na hapo ndipo wasimamizi wetu hufunga jalada. Wasilifunge. Mtihani wa stadi za msingi ambao Bodi ya Upasuaji ya Marekani imeudai kwa wahitimu wake tangu mwaka wa masomo 2009/2010 ulitokana na kazi ya Gerald Fried na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na vyombo vyake ni sanduku, kamera, vigingi, gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) na uzi. Vyote hivyo fundi wa hospitali anaweza kuvitengeneza kwa wiki moja.

Tunajua watakaosema rahisi inavunja upishi. Wana haki ya kusema hivyo, maana sanduku baya lipo na hufundisha mikono mibaya. Kwa hiyo tutaeleza lililo sawa linavyojengwa na pale linapoharibika.

Chukua boksi la plastiki la kuhifadhia nguo, lisilopenya mwanga, lenye urefu wa sm 40 hivi, upana wa sm 30 na kimo cha sm 20. Likiwa la kuonyesha ndani, lipake rangi, kwa sababu mwanafunzi akichoshwa na skrini atachungulia pembeni, na zoezi limekwisha. Upande wa mbali na mtendaji kata dirisha la kuingizia na kutolea vielelezo, yaani vitu vya kufanyiwa mazoezi, ulifunike kwa kitambaa. Sakafuni weka mfuko wa mchanga wa kilo 2, la sivyo boksi zima litamfuata mtu anapovuta. Kielelezo kikae juu ya kipande cha ubao chenye unene wa sm 6, katikati.

Matundu mawili ya mikono yawe kwenye kifuniko, sm 15 kutoka moja hadi jingine, na kila moja liwe sm 15 hadi 17 kutoka kwenye kielelezo. Hesabu hiyo inakupa pembetatu inayokaribia kuwa ya pande sawa, na vyuma hukutana kwa pembe ya karibu digrii 60, ambayo ndiyo nzuri kwa kushona. Matundu yakikaribiana, vyuma hugongana kama vijiti vya ngoma. Yakitengana mno, mabega hupanda na mtu huchoka kwa dakika kumi. Urefu huo pia unafanya nusu ya chuma iwe ndani na nusu nje, hivyo mkono ukisogea sm 1, ncha nayo husogea sm 1 hivi. Ukiingiza robo tatu ya chuma, kila mtetemeko wa kidole hufika kwenye ncha ukiwa mara tatu.

Usiache tundu la plastiki tupu. Chuma kitateleza huku na huku, egemeo litahama, na kingo za plastiki zitakwangua gamba linalozuia umeme. Soli ya kandambili inafaa kuliko mipira mingi ya dukani. Kata duara la sm 5, litoboe katikati kwa msumari wa moto wa mm 5, libandike chini ya tundu la sm 2 kwa gundi ya viatu. Likikaza sana, paka mafuta kidogo ya cherehani. Likilegea baada ya miezi kadhaa, kata jingine.

Sasa kamera. Kamera ya kompyuta ya kawaida ya USB, ya 720p na picha 30 kwa sekunde, inatosha. Iwekwe kati ya matundu mawili, upande wa mtendaji, ikitazama mbele kama macho yake yanavyotazama. Kamera nyingi za bei nafuu zimefungwa zione kitu kilicho umbali wa uso wa mtu, kwa hiyo kwa sm 12 picha huwa na ukungu; lenzi yake huzungushwa kwa vidole baada ya kubandua tone la gundi, kidogo kidogo, hadi nyuzi za gozi zionekane moja moja. Ikiwa kamera hujirekebisha yenyewe, uzime urekebishaji huo kwenye programu, maana chuma kikipita mbele yake itakifuata chuma na kuipoteza nyama. Taa ziwe vipande vya LED vya volti 5 vinavyochomekwa kwenye kompyuta. Balbu za bei rahisi za umeme wa ukutani huleta mistari inayotambaa kwenye picha. Hiyo hutokea kamera inapokuwa imepangwa kwa herzi 60 ilhali umeme wetu ni herzi 50, na mpangilio hubadilishwa kwenye programu ileile. Faida ya LED za USB ni kwamba umeme ukikatika, kompyuta mpakato na taa vyote vinaendelea kwa betri. Simu iliyolazwa juu ya kifuniko inafaa kuanzia, ila shingo huinama vibaya. Na picha ikirushwa hewani kwenda kwenye runinga huchelewa, mkono ukatangulia jicho, mtu akazoea kupapasa. Tumia waya. Skrini iwe mbele ya mtendaji, chini kidogo ya usawa wa macho.

Kosa moja la kamera linatusikitisha kuliko mengine, kwa sababu humpendeza mwanafunzi. Programu nyingi za kamera huonyesha picha kama kioo, ili mtu ajitazame vizuri akizungumza kwa video. Ukiiacha hivyo kwenye sanduku, ule mgeuko wa egemeo unafutika: mkono ukienda kulia, ncha kwenye skrini nayo inaenda kulia. Kazi inakuwa nyepesi ghafla. Siku ya pili mtu anahamisha vigingi kwa kasi na kila mtu anampongeza. Kisha anaingia chumba cha upasuaji, picha ni ya kweli, na mkono alioufundisha kwa wiki sita unaelekea upande usiotakiwa, ini likiwa kando tu ya ncha. Kipimo ni cha nusu dakika. Weka karatasi yenye neno lolote chini ya kamera. Likisomeka kinyumenyume, zima picha ya kioo. Kisha weka punje ya maharage upande wa mtendaji. Lazima ionekane sehemu ya chini ya skrini. Kipimo hiki kirudiwe kila programu inapobadilishwa au kompyuta nyingine inapoletwa.

Vifaa vya mkono vitoke chumba cha upasuaji: makoleo mawili, koleo lililopinda la kutenganishia nyama, mkasi, na koleo la sindano. Vile ambavyo gamba lake la umeme limetoboka havifai kwa mgonjwa lakini hapa vinafaa. Visafishwe na kutakaswa kabla ya kutoka, vizungushiwe utepe mwekundu kwenye mpini, na visirudi kamwe. Tunasisitiza rangi kwa sababu chuma kilichoshika nyama ya buchani kikichanganywa na vya wagonjwa, mchezo umegeuka hatari. Lakini kifaa kilichochakaa mno nacho hudanganya. Mkasi usioweza kukata tabaka moja la gozi iliyolowa utafune tu karatasi. Koleo la sindano lenye meno yaliyolika huiacha sindano izunguke, na mwanafunzi hulaumu mikono yake bure. Pwani, kwenye hewa ya chumvi, vyuma visuuzwe kwa maji baridi, vikaushwe na kupakwa mafuta ya cherehani kila jioni. Viungio vikishika kutu mara moja, havirudi kuwa laini.

Zoezi la kwanza ni vigingi. Ubao mmoja, misumari 12 katika makundi mawili ya sita, umbali wa sm 2.5 kutoka msumari hadi msumari, ikiwa imechomoza sm 2.5. Vichwa vya misumari vikatwe kwa msumeno wa chuma na kusuguliwa tupa, ama sivyo pete zitakwama. Pete ni vipande sita vya mpira wa maji wa nusu inchi, kila kimoja sm 1. Pete inachukuliwa kwa mkono dhaifu, inapokezwa hewani, inawekwa upande wa pili kwa mkono mwingine. Zikiisha zote sita, zinarudishwa kwa kugeuza mikono. Kiwango cha ustadi kinachotumika kwa zoezi hili ni sekunde 48 kwenda na kurudi bila pete kudondoka nje ya picha. Anayeanza huchukua dakika tatu au nne. Asikate tamaa, na asiharakishwe: kasi huja yenyewe mtu akiacha kupeleka mkono mahali asipopaona.

La pili ni kukata duara la sm 5 lililochorwa kwenye gozi ya sm 10 kwa 10, tabaka mbili. Kiwango ni sekunde 98. Hapa mkono usio na mkasi ndio unaofanya kazi, kwa kuvuta na kugeuza gozi ili mkasi ukute mstari umenyooka mbele yake. Gozi yenye nyuzi za mbali hufumuka. Ukiichovya kwenye maji ya wanga na kuikausha, hukatika vizuri.

La tatu ni kushona na kufunga fundo ndani kwa ndani, na hapa wengi hukwama. Kidole cha glovu kilichopasuliwa kwa urefu kinabandikwa kwenye ubao kwa utepe wa kunatana kama ule wa viatu vya watoto. Utepe huo ndio kipimo cha nguvu: ukivuta kupita kiasi glovu inabanduka, na jaribio hilo huhesabiwa sifuri. Uzi wa hariri namba 2-0 ukatwe sm 15 tu. Ukiwa mrefu, vitanzi hujaa kwenye picha na mtu hupotea humo. Sindano ishikwe theluthi moja kutoka kwenye uzi, ikisimama wima kwa koleo. Mkia ubaki sm 2, la sivyo utachomoka ukizungusha. Mzunguko wa kwanza ni maradufu, wa pili na wa tatu ni mmoja mmoja, kwa kubadilishana mikono ili fundo lilale sawa. Kiwango ni sekunde 112. Nyuzi zilizopitwa na muda zinatosha kabisa. Mshipi wa kuvulia samaki usitumike mwanzoni, kwa kuwa hujikunjua wenyewe na kufungua fundo lililofungwa vizuri.

Kwa kidole tumbo, jaza kidole cha glovu pamba na ukifunge kwa kitanzi cha Roeder ulichokisuka mwenyewe: kifundo kimoja, mizunguko mitatu, kifundo kimoja cha kufungia. Kilibuniwa kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa wanyama, unaovimba ukilowa na kukaza. Kwa nyuzi laini za plastiki kinaweza kuteleza, na mwanafunzi alione hilo kwenye sanduku.

Mikono ikishatulia, njoo kwenye matunda na nyama. Zabibu ya Dodoma ni mwalimu mkali. Ichune ganda kwa koleo na mkasi bila kuiminya. Ukizidisha nguvu kidogo tu, maji yake huchuruzika kwenye picha na mbegu huonekana. Ngozi ya paja la kuku hufundisha kutafuta utando mweupe kati ya tabaka mbili na kukata humo tu.

Kielelezo bora zaidi tunachokijua kwa mazingira yetu ni ini la mbuzi likiwa na mfuko wake wa nyongo. Ulaya hutumia nguruwe. Mbuzi hamletei mtu yeyote chumbani shida ya dini, na hupatikana machinjioni kila alfajiri. Agizo litolewe mapema, kwa sababu mchinjaji huukata mfuko wa nyongo mara moja ili uchungu usimwagikie nyama. Aambiwe auache, na aache pia sm 4 au 5 za mishipa na mifereji chini ya ini. (Asiletwe ngamia: hana mfuko wa nyongo.) Lihifadhiwe kwenye barafu na litumike ndani ya saa 24. Ini lililogandishwa hulainika likiyeyuka, mfuko ukawa kama karatasi iliyolowa. Likiwa ndani ya boksi, linyanyuliwe kwa uzi kwenye kifuniko ili mfuko ukae kama unavyokaa mgonjwa akilala chali. Mwanafunzi asiruhusiwe kukata kitu hadi mkufunzi aone masharti matatu aliyoyaeleza daktari mpasuaji Strasberg mwaka 1995: pembetatu kati ya mfuko na ini imesafishwa mafuta na utando, theluthi ya chini ya mfuko imeachana na ini, na vitu viwili, viwili tu, vinaingia kwenye mfuko. Mbuzi ana mafuta kidogo mahali hapo kuliko binadamu, na hana uvimbe wala makovu, kwa hiyo anafundisha mikono na nidhamu ya kutazama. Hafundishi ugumu wa mgonjwa aliyechelewa miaka mitano. Wakitumia umeme wa kuunguzia, bamba la kurudishia umeme liwekwe chini ya ini, na dirisha liachwe wazi moshi utoke. Baadaye boksi lioshwe kwa klorini, na ini lizikwe au lichomwe. Lisiende jikoni kwa mtu.

Yote haya ni bure bila daftari. Nusu saa kila siku inazidi saa tatu za Jumamosi moja. Kila jaribio liandikwe: tarehe, zoezi, sekunde, makosa. Mkufunzi hahitaji kusimama pale muda wote. Video ya dakika tano ikirekodiwa, ataitazama jioni na kuipa alama 1 hadi 5 kwa kupima kina, kutumia mikono miwili, kutorudiarudia, upole kwa nyama na kujitegemea. Mara moja kwa wiki kamera ifunguliwe na mwenzake aishike kwa mkono, kwa maana kamera iliyofungwa haimfundishi mtu kuweka picha isiyopinda. Sanduku pia halifundishi damu inayoruka, wala uamuzi wa kuacha matundu na kulifungua tumbo. Hayo hubaki kwa bingwa, mezani.

Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao Arusha, husomesha madaktari waliotawanyika kwenye hospitali nyingi, nyingine mbali na jiji lolote. Kwa mafunzo ya namna hiyo, sanduku linalobebeka kwenye buti la gari lina thamani kuliko chumba kimoja cha kisasa kilichoko mji mkuu. Tunawaomba wanaoandika mikataba ya kununua mitambo waongeze mstari mmoja: kila mtambo uje na masanduku mawili, seti mbili za vifaa vyenye utepe mwekundu, na orodha ya mazoezi yanayotakiwa kufikiwa kabla daktari hajaandikwa kwenye ratiba ya upasuaji wa matundu madogo.

Na ufunguo. Masanduku mengi mazuri hufungiwa kwenye ofisi inayofungwa saa tisa na nusu alasiri, wakati daktari anayesomea ubingwa hupata nafasi usiku, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Liwekwe kwenye chumba cha madaktari wa zamu, taa zake zikiwa zimechomekwa.

Wakufunzi wa upasuaji na mafundi wa vifaa tiba,
Moshi